Lugha Ilianzia Kinuni

Mjukuu wangu Atupele,

Natangaza rasmi, mbele ya ukoo mzima, kwamba kuku mwekundu ameacha kutagia kitandani kwangu. Tu wazima, babu yako anakusalimu.

Unauliza kama lugha ilianza kwa ishara au kwa sauti za watu kazini. Nilipoolewa hapa Isansa kutoka Ileje, nilijua Kindali tu, mama mkwe Kinyiha tu. Niliogopa kurudishwa kwetu. Asubuhi moja akanipa mchi, tukatwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana. Yeye "hii", mimi "haa", ili michi isigongane. Mwishowe tulicheka.

"Huyu abaki," alimwambia babu yako. "Tunaelewana."

Namshukuru mpaka leo. Kwa hiyo mimi niko upande wa kazi.

Siku hizi tunasaga mashineni, na pale hakuna anayemsikia mwenzake.

Bibi yako