Mbuzi wa Kijiji Kizima Zizini Kwetu

Jumanne, jioni. Joto tangu asubuhi. Mawingu yamekuja juu ya Migwani, yakajionyesha, yakaenda zao. Sina imani nayo. Kusema kweli leo sina imani na mtu wala kitu chochote, na nimekaa kibarazani na simu nikiandika kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwatetea watu.

Nianze na wageni.

Ni watu wa mpango wa tabianchi. Serikali inatengeneza mpango mkubwa wa taifa kuhusu namna nchi itakavyoishi na ukame, na wakatuambia safari hii hautaandikwa Nairobi na kushushwa huku kwetu, utaanzia huku kwenye wadi ndipo upande juu. Maneno mazuri. Lakini mtu anayekugawia soda na mandazi kabla hujafungua mdomo, mimi hujiuliza anatafuta nini.

Mkutano wa kwanza walituchoresha kijiji mchangani kwa vijiti na majani. Mto hapa, shule hapa, kilima kule. Kilima ndicho kinachotubeba. Mvua ikikosa, majani ya mwisho huwa huko, na mbuzi wa kijiji chote hupanda huko. Nikamwona afisa wao mmoja, kijana, akikipiga picha kilima kuliko alivyotupiga sisi watu. Nilipomwambia Salim, mume wangu, akasema nina roho ya kushuku hata kivuli changu. Sikubishana naye, ila sikuacha kumtazama yule kijana.

Kisha wakatangaza kwamba watakuja kuhesabu mifugo.

Huku Ukambani kuhesabiwa mifugo si jambo la kuchezea. Wazee bado wanasimulia mkoloni alivyokuja kuhesabu ng'ombe, akasema ni wengi mno, akawachukua. Na siku hizi ukionekana una mbuzi, jina lako linaweza kutoka kwenye msaada wa chakula. Unaambiwa uza, ule. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake, akisikia gari la wageni, mbuzi wake hawapo nyumbani. Zamani waliwaficha kwenye mto mkavu. Safari hii mtu fulani akapata wazo la zizi letu.

Sisi ni Waislamu, wachuuzi wa mifugo. Mimi ni mzaliwa wa Mwingi, na babu yangu alitoka pwani. Salim hununua mbuzi vijijini na kuwapeleka kwa lori hadi kwa wachinjaji wa Sultan Hamud na Makindu. Zizi letu likijaa hakuna anayeshangaa. Tumeishi hapa miaka mingi, watoto wetu wanagombana kwa Kikamba, lakini mtu akitukasirikia tunageuka kuwa "wale Waswahili".

Aliyekuja kuomba alikuwa Susu Syombua. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu ndiye nyanya niliyempata hapa. Ni mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nilipoletwa hapa bibi harusi sikujua hata kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, yeye ndiye aliyenifundisha. Binti yangu Nuru alizaliwa mikononi mwake kabla gari la kwenda hospitali halijafika. Tangu siku hiyo ananiita mwiitu wakwa, binti yangu. Watoto wake mwenyewe walienda mjini wakamsahau. Anaishi kwa ule msaada na mbuzi wake watatu.

"Mwiitu wakwa," aliniambia, "hawa watu wakiona mbuzi zangu, nimekwisha. Wewe zizi yako ni kubwa. Ni siku moja tu."

Ningekataaje? Nikafungua geti. Kumbe nyuma yake kulikuwa na Mutua na mbuzi wake, na nyuma ya Mutua Mama Kioko, na nyuma yao nusu ya kijiji. Zizi likafurika mpaka wanyama wakawa wanakanyagana. Afisa akaja na tableti yake, akahesabu, akauliza ni wa nani. Salim akajibu kwamba ni wa biashara. Wageni walipoondoka tulicheka mpaka tukashika mbavu, na Salim akajiita tajiri siku nzima.

Tulicheka mapema mno.

Leo wamerudi kutusomea rasimu. Alfajiri, kabla gari lao halijafika, majirani wakaleta mbuzi wao tena, na safari hii hakuna aliyeomba. Walifungua geti tu wakaingiza. Hilo lilinikera kidogo, lakini nikavaa buibui langu nikaenda kwenye baraza la chifu pamoja na wengine.

Afisa akasoma. Ukame, mmomonyoko wa udongo, mabwawa ya mchanga, mbegu za ndengu zinazovumilia jua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akafika kwenye kilima. Rasimu inasema kilima kinakufa kwa sababu ya mfanyabiashara mmoja mwenye mifugo kupita uwezo wa ardhi, na kwamba wakazi wengine karibu wote hawana mifugo. Kwa hiyo inapendekezwa kilima kifungwe kipandwe miti, na zizi la mfanyabiashara huyo liondolewe katika wadi.

Masikio yaliniwaka moto. Salim alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Zizi hilo ndilo ada ya shule na ndilo sahani yetu ya jioni. Likiondolewa, tunaondoka nalo, maana hatuna shamba hapa.

Nikawageukia majirani. Ghafla kila mtu alikuwa na kitu cha kutazama chini ya miguu yake.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri vibaya. Wazo la zizi lilitoka kwa nani hasa? Nani alimtuma Susu atangulie, akijua kwamba mimi kwa Susu sina hapana? Labda walijua mapema rasimu itakavyosema. Labda kuna mtu anakitaka kilima, maana kuna uvumi kwamba siku hizi hata hewa ya miti inauzwa ng'ambo. Nilimshuku afisa, nikamshuku chifu, nikamshuku Mutua kwa sababu tu alikuwa amevaa shati jipya.

Afisa akauliza kama kuna maoni. Kabla sijainua mkono, Susu Syombua akasimama. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, huyu sasa atatuokoa.

"Ni ukweli," akasema. "Hiyo kilima yetu imeisha. Mbuzi ya hawa Waswahili ndio imemaliza kila kitu. Sisi wengine hatuna."

Hawa Waswahili.

Najua kwa nini alisema. Mtu anayeandika majina ya msaada wa chakula alikuwa amekaa pale pale kando ya chifu, na Susu ameshiba hofu kuliko chakula. Najua. Hata nilipokuwa nikimsikia nilijua. Lakini iliniuma vile vile, na bado inaniuma.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga.

"Asante, afisa," nikasema. "Zizi ni letu. Mbuzi wote mliowaandika ni wetu, na kama ndio wanaoua kilima, basi hawatalala hapa leo. Lori letu liko tayari. Naomba chifu awe shahidi. Tunapakia wote saa hii, waende Sultan Hamud kwa wachinjaji."

Salim alinivuta mkono wa buibui. Kisha akanitazama usoni, akaelewa. Mume wangu si mtu wa maneno, lakini akiingia kwenye jambo anaingia mzima. Akatoa simu, akampigia dereva mbele ya watu wote. "Washa gari. Rudisha nyuma mpaka kwa zizi. Leo hatuachi hata moja."

Kisha Mutua akakohoa.

"Afisa, ngoja kidogo. Kuna moja pale iko na masikio nyeupe. Hiyo ni yangu. Ilikuwa imetembea tu."

Imetembea!

"Na zangu pia zimetembea," akasema Mama Kioko, akisimama haraka. "Zile za kichwa nyekundu. Zote."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Watu walisimama kwa makundi, wakielezea mikia, pembe, madoa, huyu wangu, na yule, na mama yake yule. Wawili waligombania beberu mmoja mpaka chifu akawatenganisha. Kidole cha afisa kilikimbia kwenye tableti, jasho likimtoka. Chifu alijifunika uso kwa kofia yake, na mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. Salim alikuwa bado ameshika simu sikioni, nami nilijua kwamba dereva alishakata zamani.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi sana kwa muda mfupi.

Lakini Susu hakusimama. Alikuwa ameketi, mikono ameikunja ndani ya leso. Akidai mbuzi wake pale mbele ya chifu, msaada umekwenda. Asipodai, mbuzi wamekwenda. Afisa alipomaliza kuandika akaniuliza, "Mama, na hawa waliobaki?" Wengi wao walikuwa wetu kweli, wa biashara. Watatu hawakuwa wetu. Kijiji chote kinamjua yule jike wa kijivu mwenye pembe iliyovunjika. Walikuwa wakiningoja mimi.

Susu akaniangalia kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Ni wangu," nikasema.

Afisa akaandika. Anasema ile aya itafutwa, mifugo itahesabiwa upya nyumba kwa nyumba, na habari ya kilima itajadiliwa na wenye mbuzi wote, pengine kifungwe nusu kwa zamu ili majani yapumzike. Anasema. Mimi sijui ni nani anayekaa huko Nairobi na kalamu. Nimemwomba aniletee rasimu mpya niisome kabla haijaenda popote, akaandika namba yangu. Nitampigia mpaka anichoke.

Njiani kurudi, Mama Kioko alinishika mkono akasema nimefanya wema mkubwa kumfichia mama mzee, Mungu ameniona. Ameniona, ndiyo. Hilo ndilo linalonisumbua. Nilipotamka "ni wangu" nilikuwa nikimtazama Susu machoni, nikaona ameshtuka, na kushtuka kwake kukanifurahisha. Mtu mwenye huruma hafurahii jambo kama hilo. Sasa nilimfichia au nilimnyang'anya? Maneno yalikuwa yale yale.

Mchana wote majirani wamekuja kuchukua mbuzi wao. Wengine walishukuru. Wengine walipita kimya wamenuna, utadhani mimi ndiye niliyewaibia. Mutua aliuliza kama kweli tungepakia. Nikasema ndiyo, na Salim akasema hapana, kwa pamoja. Mutua akacheka, lakini naona kuanzia leo ataniogopa kidogo, na sina uhakika kama hilo linanihuzunisha.

Watatu bado wapo zizini. Salim anasema niwarudishe sasa, kabla giza halijaingia, kwa njia ya nyuma ili yule mtu wa msaada asisikie. Nimemwambia angoje.

Muda si mrefu uliopita Susu amepita hapa akitoka mtoni na jerikeni yake. Akasimama getini. Yule jike wa kijivu akamwona, akamlilia kwa sauti, na hakuna atakayeniambia kwamba hakumsikia.

"Mwiitu wakwa, umeshinda aje?"

"Salama, Susu."

Basi. Akangoja, nami nikangoja, geti likiwa katikati yetu. Labda anaamini kweli nimewachukua, ndiyo maana haulizi. Labda ananipima. Labda ni aibu tu. Nimeyageuza yote matatu na yote nayashuku. Mwishowe akainua jerikeni, akaenda polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache kama kawaida yake.

Ningeweza kumbebea. Siku zote humbebea.

Nataka aombe. Niandike tu ukweli, maana humu simuni nisipouandika nitauandika wapi? Nataka mwanamke aliyempokea mtoto wangu aje kwenye geti langu aniombe mbuzi wake mwenyewe. Tena nataka aanze na msamaha, kwa sauti, jinsi alivyosema "hawa Waswahili" kwa sauti. Nimekuwa nikimshuku kila mtu kijijini tangu asubuhi, na jambo baya kuliko yote niliyoyaona leo liko humu kifuani kwangu.

Yule wa kijivu ndiye anayemkamua apate maziwa ya chai. Jioni hii atakunywa strungi, chai kavu isiyo na maziwa.

Nimemwambia Salim kwamba kesho nitawapeleka mwenyewe. Akaniuliza kwa nini kesho.