Kinu Kitupu

Jumanne, magharibi

Matonge matatu tu. Tangu Jumamosi Mama hajala kitu, na leo alipofikisha la tatu nikalia mlangoni kama mjinga.

Macho yake hayaoni tena, na ugali wa unga wa mashine anaukataa. "Sijasikia mchi," anasema kila nikimwekea sahani. "Ugali gani huu usio na mlio?" Namwambia, Mama, siku hizi kila mwenye pesa Newala kaleta mashine yake, nani bado anatwanga? Ananigeuzia mgongo. Amebaki mifupa.

Leo nikashindwa. Ugali wa mashine ukiwa umeshaiva jikoni, nikatoa kinu uani nikatwanga kitupu, hakuna hata punje ndani. Nikawa nahema kwa makusudi ili anisikie. Nilipompelekea sahani alitabasamu, akaanza kula.

Kumbe jirani naye kasikia. Mama Saidi akaja na ungo wake. "Hodi! Mama Zuhura, nimesikia unatwanga. Naomba pumba za kuku."

Ningesema nimeshazimwaga, basi. Lakini ulimi ukateleza: "Hakuna pumba, dada."

Mkono wa Mama ukasimama karibu na mdomo. Akalirudisha tonge sahanini, taratibu, akaomba maji ya kunawa.

"Mwanangu," akasema, "ningekuwa na macho usingenifanyia hivi."

Kesho nitatwanga mahindi kweli, hata debe zima, mikono ichubuke. Lakini sasa ataamini mlio gani?