Mashine Moja kwa Mwaka

Jumatano, 5 Septemba 1973

Mvua tangu mchana. Nimesahihisha hesabu za mwaka wa pili mpaka macho yananiwasha. Chaki bado imo kwenye nywele. Jaribio zima nililiandika ubaoni, kama kawaida, na walioketi nyuma wamenakili walivyoona. Mmoja kaandika 8 penye 3, kisha akakokotoa vizuri kabisa. Nimemwonea huruma, halafu nikakasirika, halafu nikanywa chai.

Habari kubwa: Wizara imekubali kutupatia mashine. Moja mwaka huu, nyingine mwakani, na kuendelea. Kamati iamue ipi itangulie. Mimi jibu ninalo. Mashine ya stensili, ile ya kuchapa nakala kwa kuzungusha kwa mkono, ili kila mwanafunzi apate karatasi yake ya mtihani. Nilimwahidi Kerubo. Mwaka jana aliketi nyuma, akaona 6 penye 0, akaanguka, sasa anarudia. Binti wa Nyamira, hodari, na haya nyingi. Nilimwambia mtihani wa Novemba hatanakili ubaoni. Ahadi ni deni.

Jumapili, 9 Septemba

Kichekesho cha mwaka. Mkuu wa chuo chetu cha ualimu ni Mtaita, amekuja juzi tu. Kamati kaiitisha jana. Jumamosi! Hapa Kisii! Sisi Wasabato tulikuwa kanisani kutwa. Waliohudhuria ni Ondieki wa jiografia na Wakatoliki wenzake. Wamepitisha projekta ya sinema kwa kauli moja. Ingekosaje kuwa kauli moja, wapinzani wote tuko kwaya?

Leo asubuhi Ondieki amenipita akienda misa. Anapiga mluzi. Sikumjibu salamu. Najuta kidogo. Kidogo sana.

Jumatatu, 10 Septemba

Bi Moraa, mlezi wa wasichana, ameingia kwa Mkuu kabla ya kengele. Sauti yake imefika jikoni. Yeye anataka simu. Muhula uliopita msichana mmoja alishikwa na tumbo, mtu akapanda baiskeli hadi posta mjini kupiga simu kuomba gari la hospitali. Mtoto akaponea chupuchupu. Moraa hajasahau. Wala mimi.

Mkuu kaomba radhi mbele yetu sote. Kamati ianze upya. Kisha akanigeukia: "Mwalimu Nyaboke, wewe ni mtu wa hesabu. Utakuwa mwenyekiti."

Nimefurahi. Furaha mbaya, ya kichinichini. Stensili imeingia mlangoni.

Alhamisi, 13 Septemba

Kamati. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ondieki anasema walimu anaowafunza watafundisha bahari na theluji ambazo hawajaziona hata pichani. Kweli. Moraa anasema mgonjwa hangoji baiskeli. Kweli pia. Mimi nimesema habari za stensili hadi koo likakauka. Kura zimelingana pande zote tatu. Kura ya mwenyekiti ndiyo itakayokata.

Nimegundua kitu. Hakuna anayesema mashine ya mwenzake ni mbaya. Wanaogopa kuwa wa mwisho. Ukiwa wa mwisho umesahauliwa, wanasema.

Ondieki na Moraa hawasalimiani. Mezani sukari inazunguka njia ndefu ili asiombwe mtu. Mkuu naye kakonda ghafla. Wizara yataka jibu Jumatatu, la sivyo mashine inapelekwa chuo kingine.

Kura yangu moja tu. Nani angenilaumu? Wote. Ila Kerubo angepata karatasi.

Jumapili, 16 Septemba

Nimekwenda nyumbani Nyacheki, nimeshika jembe. Mikono imefanya malengelenge, mama kanicheka. Mwalimu mzima!

Ilikuwa siku ya egesangio, kile kikundi chao cha kulimiana kwa zamu. Mama ndiye mkubwa wao. Tumepalilia kwa jirani aliyevunjika mguu, toka umande hadi uji wa saa sita. Nikavuka ua, nikaona maharagwe ya mama yamemezwa na magugu. Nikapandwa na hasira. Kikundi ni chako, na shamba lako ni kichaka?

Mama hakusimamisha jembe. "Tunaanza na linaloharibika upesi. Na anayeita wenzake hulima kwake mwisho. Ukianza kwako, kesho utalima peke yako."

"Na wakikusahau?"

"Watanisahau vipi, na wote nimewalimia?"

Nimerudi chuoni mgongo unaniuma. Na roho pia. Nimeelewa vizuri mno, na sikutaka kuelewa.

Jumatatu, 17 Septemba

Nimesema kabla hawajaanza kugombana. Mwaka huu simu, maana mgonjwa ndilo shamba linaloharibika upesi. Mwakani projekta. Stensili mwisho. Na kila aliyepata atasimama na mwenzake zamu ikifika, hakuna kuingia mitini.

Kila mmoja pale kakulia kwenye egesangio, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mkuu peke yake ndiye aliyeuliza, akaelezwa na watu watatu kwa pamoja. Ondieki akanigeukia. "Na wewe, mwalimu?"

"Mimi ndiye mwenyekiti."

Mikono yote juu. Ondieki kampa Moraa sukari mezani, wote wakacheka. Nilicheka nao. Baadaye nikaenda nyuma ya stoo, nikalia.

Jumanne, 18 Septemba

Nimemwambia Kerubo. Nimemhamishia dawati la mbele. Kasema, "Asante, mwalimu, nitajitahidi." Afadhali angenung'unika. Najisikia mwongo.

Ijumaa, 2 Novemba

Nguzo za simu zimefika nusu ya mlima. Moraa anazikagua kila jioni kama ng'ombe wake. Nafurahi naye, kweli.

Mtihani Jumatatu. Nimenunua chaki.

Jumapili, 4 Novemba

Sijui nianzie wapi. Baada ya misa nimesikia mlango unagongwa. Ondieki, na koti la Jumapili bado mwilini, kabeba karatasi za kaboni kifuani. Nyuma yake Moraa na kalamu. Nyuma ya Moraa, walimu wote, na Mkuu na kiti chake mwenyewe.

Ondieki kasema, "Zamu yako haijafika, lakini magugu yako hayangoji. Tupe huo mtihani."

Tumenakili kwa mkono kutwa nzima bwaloni. Nakala moja kwa kila mwanafunzi. Mkuu ana mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi, ila polepole, mpaka Moraa kamwambia si lazima kila herufi avalishe viatu. Ondieki sita zake zinafanana na sifuri. Nimempiga marufuku. Anaacha pengo, Moraa anajaza. Wanabishana na kucheka, wale wale waliokuwa hawasalimiani. Mpishi kaleta uji. Nami nimewaambia waziwazi kwamba nawapenda. Ondieki akajifanya anatafuta kifutio.

Jumatatu, 5 Novemba

Jua kidogo, baridi kidogo. Mtihani umeanza bila kelele. Kerubo amechagua mwenyewe kuketi nyuma. Nimemwachia.

Nilipita nikigawa karatasi. Chumba kimya, sauti za kalamu tu. Ubao mtupu. Nimemwona Kerubo akiinua macho kuutazama, mara moja, kwa mazoea. Kisha akatabasamu peke yake, akainamia karatasi yake.