Siku Niliyolikimbia Darasa

Ugonile, mjukuu wangu Atupele? Huku Lufingo mvua haijakatika, na sote tu wazima. Tangu biashara ziachiwe huru, bibi yako anauza mitumba sokoni Bulyaga na anajuana na kila mtu.

Umeniuliza kama uache chuo, maana ukisimama mbele ya wenzako sauti inakauka na mawazo yanatawanyika. Mjukuu wangu, siku yangu ya kwanza ya ualimu nilifika mlangoni, nikawaona wanafunzi, nikakimbilia migombani. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, akanifuata. Nilijua kazi imekwisha.

"Unaumwa?" akauliza.

"Naogopa, mama."

"Basi nitakaa nyuma ya darasa. Nifundishe mimi tu."

Alikaa pale wiki mbili. Siku aliyoacha kuja niliogopa vilevile, lakini nikafundisha. Mpaka nastaafu, kila Jumatatu woga ulinirudia mlangoni.

Sijui kama yako ni woga kama wangu au ni ugonjwa wa kutibiwa. Unasema ulimwambia daktari wa chuo kwamba tumbo linauma. Rudi kwake kesho, umwambie unaogopa.

Babu yako akupendaye