Mume Wangu Kanichora na Pengo Langu

Mpendwa mshauri, shikamoo Mama Yustina. Mimi ni msomaji wako wa Ufukoni hapa Mtwara, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nyumbani kwangu hakuna ugomvi ila hakuna mazungumzo pia, na mimi ukimya siuwezi.

Naitwa Carlota, ni mfinyanzi, wazazi wangu walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji nikiwa bado mgongoni, na ufinyanzi nimeupata kwa mama. Mume wangu Mathayo alikuwa mchonga vinyago, ila siku hizi anachonga picha kwenye ubao bapa, anaupaka wino, anagandamizia karatasi, na karatasi ikibanduliwa picha imetoka. Ni mpole, tangu anioe hajanipandishia sauti, lakini pia ni mtu asiyesema kitu, ukimwuliza chakula kimekuwaje anasema nimeshiba, ukimwuliza nguo hii imenikaaje anasema twende tutachelewa.

Sasa mshauri, mimi nina pengo. Jino la mbele la juu lilinitoka nikiwa na mimba ya mwanetu wa kwanza, Dercio, na tangu hapo nikicheka mbele za watu nafunika mdomo kwa mkono, hata kwenye picha za harusi ya mdogo wangu nimefumba midomo kama niliyemeza nzi.

Mwezi uliopita tulialikwa kufanya maonyesho Mikindani, katika nyumba moja ya mawe iliyokarabatiwa, tukiwa watatu, mimi na vyungu vyangu, Mathayo na picha zake, na dada mmoja anaitwa Saba, wa familia yenye duka palepale Mikindani, ambaye anaokota ufukweni vigae vya sahani za zamani na kuvizungushia fedha vikawa hereni na vidani. Mathayo akaniambia kuna picha moja, kubwa kuliko zake zote, asingependa niione mpaka siku ya ufunguzi. Nikafurahi, nikasuka, nikavaa. Kuingia naona watu wamejazana kwenye ukuta mmoja, nikasogea, nikajikuta mimi, nimekaa chini, udongo mpaka viwikoni, kanga imenivuka begani, kichwa nimekirudisha nyuma nacheka, mdomo wazi wote, na pengo langu katikati ya karatasi kama mlango ulioachwa wazi.

Watu wakanigeukia, ndiye huyu, ndiye mwenyewe, na wifi yangu Agnes akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kaka yake hakusahau kitu, hata pengo kaliweka, wakacheka. Mama Yustina, sijui nilikuwaje, nilivua mtandio nikaifunika ile picha mbele ya wageni, nikatoka nikakaa nyuma ya nyumba mpaka Saba akanifuata na soda.

Mathayo hakunigombeza. Aliishusha picha, akaizungushia gazeti, tukarudi nyumbani. Njiani nikamwuliza kwa nini amenidhalilisha, akasema, "Nimekuchora unavyokuwa ukisahau kwamba kuna mtu anakutazama." Basi, hakuongeza. Tangu siku ile hajagusa patasi. Anaamka, ananitekea maji ya kulainishia udongo, anapasua kuni za kuchomea vyungu, ananisalimia vizuri, lakini ubao hata mmoja hajaushika.

Halafu kukatokea jingine. Miongoni mwa walioiona kabla sijaifunika walikuwamo waandaaji wa maonyesho ya Dar es Salaam, nao wanatuita sote watatu, ila picha ile ndiyo wanayotaka iwe mbele. Mathayo amewajibu kwamba bila ruhusa yangu haitoki. Saba hanisukumi lakini naona anavyoingoja hiyo safari, na Agnes anasema najidai. Nikikubali, pengo langu litatazamwa na watu nisiowajua, nikikataa naogopa nitakuwa nimemkata mikono mume wangu. Nifanye nini?

Carlota, Ufukoni, Mtwara

MAMA YUSTINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nilipoanza kusoma barua yako nilikuonea huruma, nilipofika kwenye mtandio nikakukasirikia kidogo, kwa hiyo utapata vyote viwili.

Nianze na mumeo, maana najua naye atasoma. Baba Dercio, uso wa mtu ni wake, hata akiwa mkeo. Kumshtukiza mtu kunafaa ukimletea doti ya kanga. Kumtundika ukutani bila yeye kujua, hapana. Ulipaswa kumwonyesha nyumbani kwanza. Umwombe radhi, na iwe kwa kutamka, usidhani kuni ulizopasua zimetosha.

Sasa wewe, Carlota. Umeishi miaka yote hiyo na mtu asiyesema, ukilalamika hasemi. Siku aliposema, tena kwa ubao mkubwa kuliko zote alizowahi kuchonga, ukamfunika mbele ya wageni wake. Wewe ni mtu wa kazi ya mikono, unajua huwezi kukaa na kitu muda mrefu namna hiyo, unakirudia, unakilainisha, kama hukipendi. Nani alianza kukucheka pale? Agnes. Lakini hasira ukaipeleka kwa Mathayo, kwa kuwa yeye hajibu. Hapo hukumtendea haki.

Agnes mwite mnywe chai, umwambie kwa upole kwamba maneno yake yalikuumiza, kisha mzungumze mengine. Saba usimbebe kichwani. Hereni zake zinajiuza zenyewe, na kama kweli ni rafiki hatataka uso wako uwe nauli yake.

Picha ndiyo yenye kazi. Chagua siku watoto wako shule. Mwambie Mathayo aitoe kwenye lile gazeti, muitundike chumbani kwenu, mkae mbele yake wawili tu. Itazame mpaka uone na vitu vingine zaidi ya pengo. Mwambie kilichokuuma. Halafu mwulize jambo ambalo katika barua yako yote hukuligusa: siku ile ulikuwa unacheka nini?

Baada ya hapo uamue. Ukisema hapana, iwe hapana, waandaaji wachague picha nyingine, na Mathayo arudi kwenye ubao wake bila kununa. Ukisema ndiyo, usiseme kwa kumhurumia. Mwenye uso ni wewe.

Majibu haya nilimtumia Carlota kabla hayajachapwa, naye kaniandikia tena. Ameniruhusu niyaweke maneno yake hapa.

"Mama Yustina, tulikaa. Aliniomba radhi, kwa maneno, ingawa alikuwa anatazama sakafu. Nami nikamwomba yeye. Kisha nikamwuliza nilikuwa nacheka nini, maana kweli nilikuwa sikumbuki. Akasema siku ile alikuwa ananibebea ndoo ya maji, akateleza, akakalia udongo niliokwisha kuukanda, ukamganda mpaka kiunoni. Akasema hakuwa amenisikia nikicheka vile tangu tupate watoto. Mimi nikamwambia nakumbuka sasa, na nakumbuka alichelewa sana kuinuka, nikadhani ameumia mgongo. Akasema hakuumia. Alikaa palepale ili nisinyamaze.

Picha itakwenda Dar, na mimi nitakwenda nayo. Lakini haiuzwi."