Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 3 Oktoba

Napoli, wiki ya tano. Binti yangu Albena amelala chali kama daktari alivyoagiza, mto chini ya miguu. Mimba ina miezi saba. Ile ya mwaka jana ilitoka na mitano, kwa hiyo safari hii haruhusiwi kunyanyuka hata kufuata kijiko. Nimemwambia: ukishusha mguu nitaukata. Kacheka. Na kucheka asicheke sana!

Mumewe, Ciro, ni mpishi wa meli, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Basi ni mimi. Mimi na ngazi themanini na nane na magoti haya. Sishuki. Nateremsha kikapu.

Na hiki kikapu, niseme ukweli, ni akili. Kamba tu na kikapu — unakishusha kutoka roshani, Nunzia mwenye genge la mboga anatia vitu, unavuta. Kijijini kwetu Bulgaria nyumba zimepandana mlimani kama mbuzi, na hakuna hata mwanamume mmoja aliyewaza jambo hili. Wanawaza pombe.

Jumatano, 5 Oktoba

Nyanya za Nunzia. Nimekasirika. Maisha yangu yote nimesema hakuna nyanya kama zetu. Leo nimekula moja nimesimama kwenye sinki, na chumvi, maji yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikala ya pili. Nyumbani sitamwambia mtu.

Leo pia kaniletea mayai. Kelele mtaa mzima. Albena akanitafsiria kutoka kitandani: "Anasema, bibi wa juu, vuta taratibu, hayo mayai, si matofali!" Nikamwambia mwambie nimebeba mayai kabla yeye hajaota meno. Kamwambia. Chini wakacheka wote, mpaka mama yake Nunzia, kile kikongwe Titina kinachokaa mlangoni kutwa nzima na kiti chake. Nunzia hana haya, mdomo mkubwa — nampenda.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimemtazama Nunzia akianika. Shuka pamoja, taulo pamoja, soksi kila moja na mwenzake, nguo za mtoto mwisho, upande wa jua. Mikono inakwenda na bado anagombana na mteja. Nimeanua zangu nikaanika upya. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nunzia amepanda kumwona Albena, na mwanawe mgongoni — sivyo, kifuani, kwenye kitambaa. Gaetano, miezi minne. Mtoto huyo! Mashavu, macho meusi, vishimo viwili kidevuni na kwenye shavu. Nikaogopa. Mtoto mzuri hivyo, na ngazi zote zile zimejaa macho ya watu.

Nikafanya la kufanya. Ptu! Ptu! Ptu! — usoni. "Kibaya wewe, kama chura!"

Nunzia akawa mweupe. Akamfunika mtoto kwa mkono, akasema maneno ambayo Albena amekataa kunitafsiria, akashuka. Ngazi zote themanini na nane nilisikia viatu vyake.

Albena: "Mama, umemtemea mtoto wake!" Ndiyo nimemtemea! Nilitaka apatwe na husuda? Wewe nilikutemea mpaka ukalowa, na umekua.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimeshusha kikapu. Kimepanda kitupu. Nimeshusha tena. Mgongo wa Nunzia tu.

Jumapili, 9 Oktoba

Supu ya viazi. Albena hakula. Kanigeukia, machozi yanaingia masikioni maana hata kukaa hawezi. "Mama, wewe una kiburi. Siku yangu ikifika, mimi nitashushwa na mikono ya watu hawa. Ciro hayupo. Wewe hata mlango wa chini huwezi kuufikia bila kupumzika mara tatu. Nani atanibeba?"

Nikamwambia nyamaza, utaamsha tumbo.

Nimeosha sufuria mara mbili. Nimwombe msamaha kwa kumkinga mtoto wake? Mimi, Tsona?

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimekanda unga saa kumi na moja alfajiri. Banitsa, mkate wa kwetu, matabaka kumi, jibini, mayai yaliyobaki. Nikaifunga kwenye kitambaa nikashuka. Ngazi ya arobaini nilikaa chini nikayatukana magoti.

Genge lina watu. Nunzia kaniona, kageukia vitunguu. Nimesimama na trei kama ombaomba! Nikaita juu: "Albena! Waambie!" Na binti yangu, kitandani, dirisha wazi, akapaza sauti mtaa mzima ukanyamaza: "Mama yangu anasema kwao mtoto mzuri anatemewa, na anaitwa mbaya, ili mwenye kijicho ampite! Anasema hajaona mtoto mzuri kama Gaetano!"

Nilikuwa sijasema hilo la mwisho. Lakini ni kweli.

Kisha kile kikongwe Titina kikanyanyuka kitini — sijawahi kukiona kimesimama — kikanishika kidevu, kikanitazama vizuri. "Ptu! Ptu! Ptu!" Na Albena kutoka juu: "Anasema, sura kama kiatu!"

Watu walicheka mpaka mwenye duka la samaki akatoka. Nunzia alijitahidi kukasirika, akashindwa. Kakata banitsa kwa kisu cha matango, kala mbili wima, akanyoosha kidole gumba juu.

Kupanda nimetumia nusu saa. Nikashusha kikapu, nikavuta. Kimejaa.

Jumatano, 12 Oktoba

Saa tano asubuhi chupa ya uzazi imepasuka. Mapema mno! Shuka imelowa, Albena kanishika mkono, kucha ndani ya nyama. Nilikimbilia roshani nikaita jina moja tu: "Nunziaaa!"

Sijui walipandaje. Kaliacha genge wazi, mtoto kamtupia Titina, kaja na kaka zake wawili na yule wa samaki, aproni na magamba vilevile. Wakamkalisha Albena kwenye kiti cha jikoni wakamnyanyua kama bibi harusi. Wanagombana kila kona — nadhani "inua wewe, punda, inua!" — na kiti hakikuyumba hata mara moja. Mikono gani hii. Wanaume wetu wangesimama kwanza kupanga.

Gari la wagonjwa haliingii kichochoroni, linangoja barabarani, na lina nafasi ya msindikizaji mmoja. Nilikuwa mlangoni, koti mkono mmoja. Mama mzazi. Nani mwingine?

Kisha nikawaza: wakimlaza usingizi, wakija kuuliza kwa lugha yao, nitajibu nini? Nitasimama kama nguzo.

Nikavua koti. Nikamsukumia Nunzia mfuko wa nguo za mtoto. "Nenda wewe." Hilo halikuhitaji Albena alitafsiri. Kanibusu kwa nguvu, kaondoka mbio.

Sasa saa tisa alasiri. Niko roshani. Wanawake wote wa kichochoro wako kwenye roshani zao, hakuna anayezungumza — hawa, ambao hawajui kunyamaza! Kaka mmoja wa Nunzia alifuata gari kwa pikipiki, atuletee habari.

Nasikia pikipiki.

Kelele imeanza kule mwisho, inakuja roshani kwa roshani. Sielewi neno hata moja. Watu hawa hulia na kushangilia kwa koo lile lile. Naandika nimesimama. Imefika roshani ya tano kutoka hapa. Mwanamke wa pale amejishika kichwa kwa mikono miwili, anamwita wa nne, wa nne ananitazama mimi —