Hakukuwa na Mashine Njiani

Mpendwa kaka Osea,

Kamwene, kwa salamu ya kwetu. Umenipigia simu mara nyingi tangu uhamie Mbeya kwa wakwe zako, na mara nyingi sijapokea. Naiacha iite mpaka ikate, kisha nakutumia ujumbe kwamba nilikuwa chini ya gari. Mara chache ni kweli. Siku nyingine zote nimekuwa nimesimama tu hapa gereji, Mafinga, simu mkononi, nikiliangalia jina lako.

Kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo, miezi minane sasa. Niruhusu nianze mbali kidogo, maana nikianza nalo moja kwa moja nitaichana hii karatasi kama nilivyozichana nyingine mbili.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija gereji jioni, ukishashusha magogo kiwandani? Unakaa juu ya tairi bovu, unavua viatu, unaomba chai. Nami nakuletea simu nikuonyeshe mashine za kufungulia nati, zile za betri. Ile yetu ya upepo ilikuwa nzuri, lakini haitoki gereji. Kompresa huwezi kuibeba mpaka katikati ya msitu wa Sao Hill, na malori yanaharibikia huko, si mlangoni kwangu. Fedha ya kununua ilikuwapo. Shida yangu ilikuwa kuchagua. Hii ina nguvu lakini betri yake haikai. Ile ina betri mbili lakini fundi mmoja wa Makambako kaniambia inachemka. Nyingine kila mtu anaisifu, ila sijamwona hata mmoja aliyeishika. Ilinichukua karibu miezi minne.

"Dogo, nunua yoyote," uliniambia siku moja huku unapuliza chai. "Ungekuwa unaoa kwa utaratibu huu ungezeeka peke yako."

Benedikto, fundi mwenzangu ambaye tulifungua naye gereji hii, alicheka mpaka akaangusha spana, naye alikuwa amelala chini ya gari. Ulikuwa unampenda Bene. Ulikuwa unasema ndiye mdogo wako wa pili, tena msikivu kuliko mimi.

Mwishowe nikaichagua moja: ile kubwa, ndefu, ya kushika kwa mikono miwili, inayotoa nati za tairi la lori kama mtu anapukuchua mahindi. Nikasema wiki ijayo nakwenda Iringa kuichukua. Wiki ijayo ilipofika, nikasema wiki ijayo.

Ndipo mvua ikanyesha. Utingo wako alinipigia saa nne asubuhi: lori limeteleza kwenye mteremko, limeacha barabara na kugonga mti wa paini. Nilipofika ulikuwa ndani ya kabini, umekaa wima. Dashibodi ilikuwa imerudi nyuma na kukubana magoti, na mguu wa kushoto ulikuwa mahali nisipoweza kuuona. Ukanisalimia. Hilo silisahau. "Umekuja, mdogo wangu," ulisema, kama vile ninaingia nyumbani kwako na chakula kiko mezani.

Njia ilikuwa moja, kukifungua kiti na kukivuta nyuma. Nati nne chini ya kiti, zote zimeliwa na kutu. Nililala kwenye matope nikapitisha mkono kwenye mlango uliofunguka nusu. Mkono ulipita, lakini spana haikuwa na pa kuzungukia. Naisukuma kidogo sana, naitoa, naiweka upya, naisukuma tena. Nati ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima.

Hapo ndipo ulipoanza kubadilika. Ukasema kwa sauti ndogo, "Siusikii mguu. Ukateni tu, mnitoe."

Niliogopa, kaka. Damu nilishaizoea kwa muda ule. Niliogopa ile sauti, kwa sababu haikuwa ya kwako. Ukaniuliza, "Ile mashine, ulishanunua?"

"Nilinunua," nikasema. "Iko njiani. Nimetuma iletwe."

"Umemtuma nani?"

"Bene. Anakuja na pikipiki."

Hakukuwa na mashine. Hakukuwa na mtu njiani. Bene alikuwa Iringa tangu alfajiri, amefuata vipuri, na habari za ajali alizisikia jioni aliporudi. Nilitaja jina lake kwa sababu ndilo jina ninaloliita kila siku nikihitaji kitu.

Ulitulia. Uliegemeza kichwa nyuma ukaanza kusikiliza barabara. Kila pikipiki iliyopita kule juu uliuliza, "Ndiye?" Nami nilikujibu, "Bado, anakaribia." Nilikuwa kwenye nati ya pili. "Ndiye?" Nikaingia ya tatu. "Ndiye huyo?" Ya nne kona zake zilikuwa zimeisha, spana inateleza, ikabidi utingo anipe msumeno wa chuma nikaikata bolti yenyewe. Kufikia hapo ulikuwa umeacha kuuliza.

Daktari alisema mguu ulikaa muda mrefu mno bila damu, wakaukata. Siku ya tatu, ulipopata nguvu ya kuongea, hukuniuliza habari za mguu. Uliniuliza, "Bene alifika saa ngapi?"

Pale ndipo ningesema. Shemeji alikuwa pembeni ya kitanda anakumenyea chungwa. Alinitazama na yeye, anangoja jibu. Nikasema, "Alichelewa, kaka. Pikipiki ilimsumbua."

Kisha ikaja ile ibada ya shukrani nyumbani Igowole. Bene alikuja na jogoo mkubwa kamfunga miguu. Akampa shemeji, akaja kwako na mkono ameunyoosha. Uliutazama ule mkono, majirani wanaangalia, mchungaji yupo.

"Mkono uliochelewa siushiki," ukasema.

Bene alidhani amesikia vibaya. Alibaki ameunyoosha. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimebeba sinia la soda. Niliendelea kugawa soda.

Tukiwa tunarudi Mafinga aliniuliza, "Kwani Osea nilimkosea nini?" Nikamwambia, "Ana uchungu wa mguu. Mwache." Hakuuliza tena. Tangu hapo nafanya kazi na mtu niliyemwibia ndugu, saa kumi kwa siku, tunapeana spana. Siwezi kuiacha gereji maana ndiyo inayolisha nyumba mbili, yake na yangu. Siwezi kumwambia aende. Wewe ukipiga simu siwezi kupokea, maana najua utauliza, "Huyo mwenzako bado yupo?" Nikisema nakupoteza wewe, nikinyamaza nampoteza yeye, na mimi mwenyewe sijui niko wapi. Mke wangu anasema usingizini nasogeza mkono, kidogo kidogo, kama mtu anayefungua kitu.

Muda wote huo nilijiambia kosa langu ni kutonunua. Ningekwenda Iringa wiki ile, mguu wako ungekuwepo. Nilijihukumu kwa hilo kila siku. Mwezi uliopita nikasema basi, nikainunue hata kama nimechelewa, pengine nitapumua.

Nikaenda Iringa, duka moja la vifaa pale Mlandege, la mzee mmoja anaitwa Salumu. Nikamwambia ninachotaka, akaniwekea mezani ile ile niliyoichagua. Nilipoishika tu, mkono ukajua kitu. Nikamwomba ruhusa, nikalala chini, hapo hapo sakafuni, nikaichukua mashine na kujaribu kuipitisha chini ya rafu yake ya mwisho. Nafasi ile ilikuwa sawa na ya chini ya kiti chako. Naifahamu nafasi hiyo mpaka kufa.

"Unatafuta nini huko chini, fundi?" mzee Salumu akauliza.

"Nataka kuona kama inaingia."

"Hiyo haiwezi kuingia. Hiyo ni ya tairi. Umesimama, una nafasi, mikono miwili."

Haikuingia, kaka. Hata nilipoitoa betri, haikuingia. Mzee akaniletea nyingine, fupi, kichwa chake kifupi kuliko kiganja, ya mkono mmoja. Hiyo miezi minne yote sikuwahi kuitazama mara mbili; nilikuwa nasema ni ya mafundi wa gari ndogo. Hiyo iliingia. Akanibania bolti na nati yake yenye kutu kwenye jiliwa, nijaribu. Ilinguruma kidogo, nati ikatoka.

Nilikaa sakafuni pale muda mrefu. Wateja wakawa wananiruka. Mzee Salumu akanipa kiti, akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nimegundua kwamba hata ningekwenda Iringa wiki ile, ningekuja kwako na mashine ambayo ingebaki kwenye matope. Kosa nililolibeba miezi yote ile halikuwa langu. Nikategemea nitasikia nafuu. Sikusikia. Maana lile lilipoondoka, likabaki moja tu, na hilo nililijua tangu mwanzo: jina la Bene, nililolitaja kwa mdomo wangu, na mara tatu nikapata nafasi ya kulirudisha nikanyamaza.

Niliinunua ile fupi. Siku hiyo hiyo niliporudi nilimkuta Bene ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Nikamwambia yote, nimesimama, nati kwa nati. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakutia moyo, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Nilipomaliza aliendelea kunawa, maji yakawa meusi, akayamwaga.

Nilidhani atanitukana. Alisema hivi: "Kwa hiyo alikaa pale ananisubiri mimi."

"Ndiyo."

"Hakuna aliyeniambia kwamba ananisubiri." Akajifuta mikono. "Ningetoka Iringa hata kwa miguu."

Siku mbili hakuja kazini. Ya tatu alikuja akaanza kazi bila salamu. Tunaongea sasa, machache. Sijui kama atanisamehe, na sijamwomba aharakishe.

Barua hii siifungi kwenye bahasha, kaka. Ulimwaibisha mbele ya watu kwa sababu yangu, basi nami nataka isomwe na watu. Shemeji aisome. Wote waliokuwa Igowole siku ile na waisome, mchungaji na majirani. Benedikto hakuchelewa. Hakuitwa.

Jumamosi nakuja huko kwako Mbeya, Uyole, na basi la asubuhi. Bene amekubali kuja nami, lakini amesema hataingia kwako kwa kubebwa na maneno yangu. Atakaa pale kwenye kona ya barabara, kwenye maduka, mpaka wewe mwenyewe umwite. Utakuwa na mengi ya kuniambia, na nitakaa niyasikie yote, hata kama itakuwa mwisho wa kukaa nami. Ila usianze na mimi. Nikibisha hodi usinijibu kwanza. Toka mpaka barazani, umwite yeye.

Mdogo wako wa tumbo moja.